Kopo la Gesi na Mwenye Gari: Historia ya Kutengeneza Viyoyozi vya Magari ya Zamani Nyumbani Nchini Marekani, 1939–2018

1.0 Utangulizi

Historia ya teknolojia kwa kawaida huanzia kiwandani. Husimulia nani aligundua, nani alisajili hataza, kampuni ipi ilitangulia kuuza na ipi ikafuata. Kiyoyozi cha gari kimeandikiwa historia ya aina hiyo mara nyingi, na kwa haki, kwa kuwa Packard, Nash, Chrysler na General Motors zote zina sehemu yao katika simulizi hilo. Anayekosekana ni mtu anayekuja baadaye: mwenye gari la miaka kumi na tano, ambalo kiyoyozi chake kinapuliza hewa ya uvuguvugu, naye hana fedha au hana nia ya kulipeleka gereji. Mtu huyu hufungua boneti mwenyewe.

Insha hii inamchunguza mtu huyo nchini Marekani, nchi iliyotangulia kukifanya kiyoyozi kuwa kitu cha kawaida ndani ya gari na, kwa sababu hiyo, iliyotangulia kuwa na mamilioni ya viyoyozi vilivyozeeka. Hoja kuu ni kwamba mipaka ya kile alichoweza kufanya mwenye gari haikuwekwa na ujuzi wake wala ugumu wa mashine. Iliwekwa na ukubwa wa chombo ambamo gesi ya kupozea iliuzwa. Kopo dogo lilimzaa fundi wa nyumbani. Sheria iliyolizuia kopo hilo mwaka 1992 ilimwondoa kazini. Kopo jingine, lenye gesi nyingine, likamrudisha. Katika safari yote hiyo kopo lilifundisha kujaza, halikufundisha kuziba.

Tofauti kati ya kujaza na kuziba inahitaji maelezo. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, huhamisha joto. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huikandamiza gesi hadi ikawa na shinikizo kubwa na joto kali. Gesi hiyo hupita katika kondensa iliyo mbele ya rejeta, hupoteza joto na kugeuka kimiminika. Kimiminika hupenyezwa katika tundu jembamba na kuingia evaporeta, nyuma ya dashibodi. Shinikizo linaposhuka ghafla huchemka kikiwa baridi, na joto la kukichemsha huchukuliwa kutoka katika hewa ya ndani ya gari. Kisha gesi hurudi kwenye kompresa. Mzunguko umefungwa. Gesi haichomwi ikaisha kama petroli, na gari lililopungukiwa gesi ni gari linalovuja.

Friji ya nyumbani huweza kukaa miaka ishirini bila kuongezwa kitu kwa sababu mota na kompresa yake vimefungiwa pamoja ndani ya chungu cha chuma kilichochomelewa. Gari haliwezi kufanya hivyo. Kompresa yake huzungushwa kutoka nje, kwa hiyo mhimili lazima upite katika sili, na sili huchakaa. Injini hutikisika, kwa hiyo baadhi ya mabomba lazima yawe ya mpira, na mpira hupitisha gesi kidogo kidogo hata ukiwa mzima. Kuvuja kulikuwa sehemu ya ubunifu wa kiyoyozi cha gari tangu mwanzo, na mtu wa kukabiliana nako alihitajika tangu mwanzo.

2.0 Mshumaa wa Mwaka 1930

Kabla ya miaka ya 1930 mashine za kupozea zilitumia amonia, dayoksidi ya salfa au kloridi ya methili. Zote zilipoza vizuri, na zote zilikuwa hatari kwa aliyelala karibu na bomba lililopasuka. Mwaka 1928 Thomas Midgley, aliyefanya kazi chini ya General Motors, pamoja na wanakemia Albert Henne na Robert McNary, walipata gesi yenye kaboni, klorini na florini iliyokuja kujulikana kibiashara kama Freon na katika lugha ya mafundi kama R-12. Mwaka 1930 Midgley aliionyesha mbele ya mkutano wa Jumuiya ya Wanakemia wa Marekani. Alivuta gesi hiyo mapafuni, kisha akaipuliza juu ya mshumaa unaowaka. Mshumaa ukazimika. Kwa pumzi moja alikuwa amethibitisha kwamba gesi haimdhuru anayeivuta na kwamba haishiki moto.

Tukio hili hutajwa mara nyingi kwa kejeli, kwa sababu ya yaliyogunduliwa baadaye. Kejeli hiyo haina haki. Midgley hakudanganya, mambo yote mawili yalikuwa kweli siku ile. Linalostahili kuchunguzwa ni namna sifa hizo zilivyosomwa na watu walioishika gesi hiyo mikononi. Gesi isiyoua wala kuwaka inaweza kuachiwa hewani bila hofu, na gesi inayoweza kuachiwa bila hofu inaweza kuuzwa kwa yeyote. Amonia isingeuzwa dukani katika kopo la kutumiwa chini ya boneti na mtu asiye na mafunzo. R-12 iliweza. Usalama wake ndio uliofungua mlango wa ukarabati wa nyumbani.

Packard ilikuwa kampuni ya kwanza kuuza magari yenye kiyoyozi kutoka kiwandani. Ilikionyesha Chicago mwezi Novemba 1939, katika magari ya toleo la 1940, kwa nyongeza ya dola 274. Evaporeta ilikaa nyuma ya kiti cha nyuma na kumeza nusu ya buti. Kompresa haikuwa na klachi: maadamu injini ilizunguka na mkanda ulikuwa mahali pake, nayo ilizunguka. Aliyetaka kuizima kabisa, kwa mfano majira ya baridi yalipoingia, alipaswa kusimamisha gari, kufungua boneti na kuuvua mkanda kwa mkono. Hivyo mteja wa kwanza kabisa wa kiyoyozi cha gari, tajiri wa kumudu Packard, alitarajiwa kukishughulikia kwa mikono yake, au angalau kwa mikono ya dereva wake. Kampuni iliacha kukiuza baada ya mwaka 1941.

3.0 Kopo Dogo

Mwaka 1954 kampuni ya Nash-Kelvinator, ambayo kwa mkono mmoja ilitengeneza magari na kwa mwingine majokofu, iliunganisha kupasha joto, kupitisha hewa na kupoza katika mfumo mmoja uliokaa wote upande wa mbele wa gari. Wanahistoria wa magari huuchukulia mfumo huo kuwa baba wa viyoyozi vya leo. Kwa historia ya ukarabati, hata hivyo, uzito mkubwa zaidi uko katika viwanda vidogo vilivyozuka miaka hiyohiyo, hasa Texas, vikiuza viyoyozi vya kuning'iniza chini ya dashibodi ambavyo viliweza kufungwa katika gari lolote. Kiyoyozi cha namna hiyo kilifika kikiwa vipande: kompresa, mabano yake, mikanda, na mabomba ya mpira ya kukatwa kwa kipimo cha gari lenyewe. Kilichofungwa kwa spana mtaani kiliweza kufunguliwa kwa spana mtaani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa Marekani yalikuwa na kiyoyozi, na miaka kumi baadaye magari hayo yalikuwa mikononi mwa mnunuzi wa pili au wa tatu.

Mnunuzi huyo ndiye aliyelengwa na kopo dogo la R-12 katika maduka ya vipuri. Kopo lilibeba gesi isiyofika nusu kilo, na bei yake ilikuwa ndogo. Magari makubwa ya Kimarekani ya wakati huo yalibeba kati ya kilo moja na mbili, kwa hiyo makopo mawili au matatu yalitosha kwa gari lililopungukiwa, na manne hivi kwa lililokuwa tupu. Pamoja na makopo, mwenye gari alihitaji mpira mfupi na vali ya kutobolea kopo. Alifunga mpira kwenye mdomo wa upande wa shinikizo dogo, akawasha injini na kiyoyozi, akafungua vali, na kopo likaanza kuwa baridi mkononi mwake gesi ikinyonywa na kompresa. Wengi waliliweka kopo katika ndoo ya maji ya uvuguvugu ili litoe upesi. Katika magari mengi chupa ya kukaushia ilikuwa na kioo kidogo juu yake: mapovu yakionekana, gesi haijatosha, kioo kikitakata, imetosha. (Kioo hutakata pia gari likiwa halina gesi kabisa, jambo lililowapotosha wengi.)

Hatari kubwa ilikuwa moja. Katika magari ya awali hasa, mdomo wa kujazia wa upande wa shinikizo dogo na ule wa shinikizo kubwa ulifanana kiasi cha kuchanganywa. Aliyefunga kopo upande usio wake aliirudisha nguvu ya kompresa ndani ya bati jembamba, na kopo lilipasuka usoni au mkononi. Maonyo ya jambo hili yalichapishwa juu ya makopo yenyewe. Kipindi hiki husimuliwa siku hizi kwa upole wa kumbukumbu, kana kwamba kilikuwa zama za uhuru wa mwenye gari, lakini uhuru huo ulikuwa na majeruhi wake.

Upande wa pili wa zoea hili ulikuwa kuachia gesi hewani. Hapa fundi wa gereji na mwenye gari hawakutofautiana. Kabla ya kufungua bomba lolote, gesi iliyobaki iliachiwa itoke, taratibu ili isibebe mafuta ya kompresa. Mabaki ya kopo yaliachiwa pia. R-12 ilitumika kupulizia vumbi, kusafishia mabomba na kujaribia uvujaji: mfumo ulijazwa kidogo, ufa ukatafutwa, kisha gesi yote ikaachiwa ili kazi ianze. Hakuna aliyeona kwamba anachafua kitu. Mshumaa wa mwaka 1930 ulikuwa bado unawaongoza.

Kifaa kikuu cha kutafutia ufa kilikuwa taa ndogo ya gesi yenye kipande cha shaba ndani ya mwali na mpira wa kunusia. Mpira ulipitishwa kando ya viungo vya mabomba. Ukinusa R-12, klorini iliyomo iliungana na shaba ya moto na mwali ukageuka kijani. Taa hiyo ilikuwa ya bei nafuu na iliweza kukaa katika sanduku la vifaa la mtu yeyote. Moshi wake ulikuwa wa sumu mahali pasipo na hewa, lakini ilimwonyesha mwenye gari ufa uko wapi.

Kujua ufa ulipo hakukumfanya auzibe. Sili ya mhimili wa kompresa ilidai kuvua klachi kwa vifaa maalumu. Mfumo ukishafunguliwa, chupa ya kukaushia ilipaswa kubadilishwa, kisha pampu itoe hewa na unyevu wote kabla ya kujaza, kwa sababu maji yaliyobaki huganda katika tundu jembamba na, yakichanganyika na gesi, huzaa asidi inayokula chuma. Hiyo ilikuwa kazi ya siku nzima na pampu ambayo watu wachache walikuwa nayo. Kopo lilikuwa kazi ya robo saa. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari la R-12 hesabu ilisomeka kinyume, kwani ukuta, kwa bei ya kopo moja kila mwanzo wa kiangazi, ulikuwa rahisi kuliko ufa.

4.0 Sheria Yamtambua Mwenye Gari kwa Chombo Chake

Mwezi Juni 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walichapisha katika jarida la Nature hoja kwamba gesi za aina ya R-12, kwa sababu haziharibiki karibu na ardhi, hupanda hadi tabaka la juu la angahewa, ambako mionzi ya jua huzivunja na kuachia klorini, na kwamba chembe moja ya klorini huweza kuharibu chembe nyingi mno za ozoni kabla ya kutulia. Utulivu wa kikemia uliokuwa fahari ya gesi hiyo ndio uliokuwa tatizo. Mwaka 1978 Marekani ilipiga marufuku karibu matumizi yote ya gesi hizo katika makopo ya kupulizia marashi na dawa. Kopo la R-12 la kujazia gari lilibaki dukani. Kwa muda wa miaka kumi na minne zaidi mnunuzi hakuruhusiwa kuipulizia gesi hiyo kwapani, na aliruhusiwa kuiongeza katika bomba linalovuja.

Mwaka 1985 Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza kupungua kukubwa kwa ozoni juu ya Antaktika, na tarehe 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal ikatiwa saini. Kenya iliiridhia mwaka 1988, Tanzania ikajiunga mwaka 1993. Nchini Marekani utekelezaji ulikuja kwa marekebisho ya Sheria ya Hewa Safi ya mwezi Novemba 1990, na kifungu chake cha 609 ndicho kilichohusu viyoyozi vya magari.

Kifungu hicho kinastahili kusomwa kwa makini. Hakikumkataza mtu kutengeneza kiyoyozi cha gari lake mwenyewe. Masharti ya mafunzo na mashine za kunyonya gesi yaliwekwa kwa anayefanya kazi kwa malipo, na kanuni zikafafanua malipo kwa upana: fedha taslimu, mkopo, bidhaa au huduma. Aliyemtengenezea jirani akapewa tairi kuukuu naye alikuwa amelipwa. Mwenye gari aliyejihudumia alibaki nje ya masharti hayo, ingawa marufuku ya kuachia R-12 hewani kwa makusudi, iliyoanza Julai 1992, ilimhusu kama ilivyomhusu kila mtu. Kilichomfikia moja kwa moja ni sentensi kuhusu chombo. Kuanzia tarehe 15 Novemba 1992 ilikuwa marufuku kumuuzia mtu asiye na cheti R-12 katika chombo cha chini ya ratili 20, yaani takriban kilo 9. Miaka miwili baadaye masharti ya uuzaji yalifikia mitungi mikubwa pia.

Mantiki yake ilikuwa wazi. Gereji ilinunua mtungi, mwenye gari alinunua kopo. Sheria isingeweza kumfuata kila mtu katika ua wa nyumba yake na kuangalia kama ameachia gesi. Iliweza kusimama kaunta ya duka. Ikamtambua mwenye gari kwa ukubwa wa chombo chake. Kwa lengo la kulinda ozoni hatua hiyo ilikuwa sahihi, na ushahidi wa kupungua kwa gesi hizo angani tangu wakati huo hauiachi na mpinzani wa maana. Swali la mwanahistoria ni nani aliyebeba gharama, na jibu linaonekana katika umri wa magari. Kati ya mwaka 1992 na 1994 watengenezaji walihamisha magari mapya kwenye gesi ya R-134a, isiyo na klorini. Mnunuzi wa gari jipya hakuhisi chochote. Aliyekuwa na gari la mwaka 1984 alibaki na mfumo wa R-12, unaovuja kama zamani, huku kodi iliyoanza mwaka 1990 na kusitishwa kwa uzalishaji mwishoni mwa mwaka 1995 vikiipandisha bei ya gesi yake mara nyingi. Zoea la kuongeza kopo kila mwaka lilikuwa limemfundisha kuahirisha, na sasa deni lote likadaiwa kwa pamoja.

Watu waliitikia kwa njia tofauti. Baadhi walitafuta cheti, kwani mtihani wa kifungu cha 609 uliweza kufanywa kwa posta, kitabu kikiwa wazi, kwa ada ndogo; hivyo kukawa na watu wenye cheti cha fundi ambao hawakuwahi kutengeneza gari lisilo lao. Wengine waliinunua kwa magendo. Nchi zinazoendelea zilikuwa zimepewa hadi mwaka 2010 kusitisha, kwa hiyo gesi iliendelea kuzalishwa kihalali kwingineko, na katikati ya miaka ya 1990 bandari ya Miami ilipata sifa ya kupitisha R-12 kwa wingi kiasi kwamba maofisa wa forodha walikuwa wakiitaja mara tu baada ya dawa za kulevya. Wengine walijaza michanganyiko ya propani na isobutani, ambayo hupoza vizuri sana na huwaka vizuri vilevile. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani halikuikubali kwa magari ya R-12. Wengi, bila shaka, waliteremsha vioo vya madirisha.

5.0 Kubadili Gesi

Njia halali iliyobaki kwa mtu asiye na cheti ilikuwa kulihamisha gari la zamani kwenye R-134a. Hapa ndipo ukarabati wa nyumbani ulipoingia kwa mara ya kwanza ndani ya mfumo, kwa sababu gesi mpya haikukubali kumwagwa tu juu ya ile ya zamani. Mafuta ya madini yaliyolainisha kompresa za R-12 hayachanganyiki na R-134a; hubaki chini ya mabomba huku kompresa ikizunguka kavu. Ilipasa kutumia mafuta ya sanisi: aina ya PAG, iliyowekwa katika magari mapya lakini yenye tabia ya kufyonza unyevu na kutopatana na mabaki ya klorini, au aina ya esta, iliyovumilia zaidi na hivyo kupendwa kwa magari ya kuhamishwa. Pete za mpira za viungo zilibadilishwa, na chupa ya kukaushia pia. Kiasi cha gesi kilipunguzwa hadi baina ya asilimia 80 na 90 ya kile cha R-12. Hata hapo, kondensa za zamani zililemewa na shinikizo la juu zaidi la R-134a, hasa gari liliposimama katika foleni.

Shirika la Kulinda Mazingira lilisisitiza kwamba hakuna gesi ya kutiwa moja kwa moja mahali pa R-12. Lilidai gesi ya zamani itolewe yote, ifungwe midomo ya kujazia ya gesi mpya, na ibandikwe lebo, ya buluu hafifu kwa R-134a. Maduka nayo yaliuza vifurushi vyenye makopo, mafuta ya esta, midomo ya kufunga juu ya ile ya zamani, na lebo. Mnunuzi aliyefuata maelekezo yote alifanya, pengine kwa mara ya kwanza, kazi iliyostahili kuitwa ukarabati. Aliyefuata nusu yake alikuwa na lebo ya buluu juu ya mfumo uleule unaovuja.

Badiliko moja dogo lilikuwa na maana kubwa kuliko ukubwa wake. Midomo ya R-134a hufungwa kwa kubana, ile ya R-12 kwa kuzungusha; na wa upande wa shinikizo kubwa ni mpana kuliko wa upande mdogo. Mpira wa kopo la R-134a hauingii upande usio wake. Onyo ambalo kwa miaka thelathini lilichapishwa juu ya bati likahamia katika umbo la chuma, na asiyejua kusoma akalindwa sawa na anayejua.

Upande mwingine kulikuwa na hasara. Taa ya mwali wa kijani ilikuwa ikinusa klorini. R-134a haina klorini, na mbele yake mwali haubadiliki. Elementi iliyoharibu ozoni ndiyo iliyomwonyesha mwenye gari mahali pa kuziba, na ilipoondoka ilimwacha na kifaa kipofu. Mahali pake pakachukuliwa na vinusio vya umeme, ambavyo mwanzoni vilikuwa ghali kwa matumizi ya mara moja kwa mwaka, na rangi inayong'aa chini ya taa ya zambarau. Kwa kipindi fulani, basi, mwenye gari alikuwa na gesi mpya nyingi na uwezo mdogo kuliko baba yake wa kuona inakotokea.

6.0 Kopo Linarudi

R-134a ilipoanza kuuzwa, kizuizi cha kopo dogo hakikuihusu, kwa kuwa haikuwa miongoni mwa gesi zinazoharibu ozoni. Ilirudi kwenye rafu zilezile, katika makopo ya wakia 12, na maelekezo yaleyale: washa injini, funga mpira, geuza kopo, angalia geji. Marufuku ya kuiachia hewani kwa makusudi ilianza Novemba 1995, lakini kaunta ya duka haikumuuliza mtu kitu. Neno lililotumika kuinadi lilikuwa lilelile la mwaka 1930, kwamba ni salama, na lilikuwa kweli kwa kipimo cha swali lililoulizwa. Kwa muda wa miaka mia moja, kilo moja ya R-134a hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 1,430 za dayoksidi ya kaboni. R-12 ilifika zaidi ya 10,000, kwa hiyo badiliko lilikuwa nafuu hata kwa hesabu hii. Lakini kuachia gesi hewani hakukugeuka kuwa tendo lisilo na madhara.

Hatua zilizofuata zilishughulikia chombo tena. California, kuanzia mwaka 2010, ilidai makopo yawe na vali ya kujifunga yenyewe, na mnunuzi aweke amana ya dola 10 ya kurudishiwa anaporejesha kopo. Kanuni za taifa zilifuata: makopo madogo ya R-134a yanayotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 2018 lazima yawe na vali hiyo ili yauzwe kwa mtu asiye na cheti. Vali huzuia mabaki ya kopo yasitoroke mpira unapofunguliwa. Huo ni upungufu halisi uliosahihishwa. Gesi iliyokwisha kuingia katika gari linalovuja hutoroka yote baadaye, na hakuna vali ya kopo inayoifikia. Kanuni za mwaka 1992, 2010 na 2018 zote zilisimama kaunta. Hakuna iliyomdai mwenye gari aoneshe kwamba ufa umezibwa kabla hajanunua kopo la pili. Anayepewa sifa ya kulinda angahewa kwa vali ya kopo anaweza kuwa ndiye anayeongeza gesi kila mwezi Mei.

Tarehe 15 Oktoba 2016, mjini Kigali, nchi wanachama wa Itifaki ya Montreal zilikubaliana kupunguza pia gesi za kundi la R-134a. Marekebisho hayo yameileta historia hii Afrika Mashariki kwa njia isiyo ya mfano tu. Magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo ndiyo mengi katika barabara za Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, yamekuja na R-134a ndani yake, na mengi yamefika sili zikiwa zimechakaa. Huku kopo dogo halikuwa na nafasi iliyokuwa nayo Marekani. Gesi huletwa katika mtungi wa kilo 13.6, na anayeushika ni fundi wa gereji ya mtaani mwenye geji zake mbili, wala si mwenye gari. Lugha ya kazi hiyo, hata hivyo, ingeeleweka katika ua wowote wa Texas wa mwaka 1975: gari linasemwa kuwa "halina gesi", na tiba yake huitwa "kujaza gesi", kana kwamba ni tangi lililokauka. Katika nchi za kundi ambamo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo, punguzo la kwanza la asilimia 10 limepangwa kufika mwaka 2029, wakati ambapo gari lililotoka kiwandani Japani mwaka 2009 litakuwa na umri wa miaka 20, likiwa na mabomba yake ya mpira yaleyale.